Deni Linalofichwa Halilali

Mazungumzo ya redio juu ya madeni, mawazo mengi na amani katika familia zilizohama

  

Juma lililopita tuliongea juu ya mashamba yaliyoachwa nyuma. Baada ya mazungumzo yale wengi walitufikia na neno moja: "Kabla hatujafika kwenye shamba, kuna deni. Ongeeni juu ya deni." Basi leo tunaongea juu ya deni. Tutaliangalia namna linavyoingia ndani ya kichwa cha mtu, likatoka hapo likaingia ndani ya nyumba, kisha likafika kwa jirani na kuvunja amani.

Dola 50

Nitawaelezea habari ya baba mmoja. Jina lake silitaji. Kama unafikiri unamfahamu, wewe pia usimtaje.

Baba huyo alitoka Masisi na familia yake, akafika Minova, kwenye ziwa Kivu. Kwao alikuwa na shamba la maharagwe na mbuzi 6. Minova alipokelewa katika chumba kimoja cha familia isiyokuwa ndugu yake wala kabila lake. Mtoto akashikwa na malaria kali, akahitaji kuongezewa damu. Baba akakopa dola 50 kwa ule mkopo tunaouita bank lambert: mwisho wa mwezi unarudisha dola 65. Mtoto akapona. Mungu asifiwe.

Sasa tupige hesabu pamoja. Mwisho wa mwezi wa kwanza baba hana kitu, na faida inahesabiwa juu ya dola 65. Mwezi wa pili deni linakuwa dola 84 na nusu. Mwezi wa tatu linakaribia dola 110. Mwezi wa ine linakaribia dola 143. Hajakopa hata franki moja zaidi. Tena anabeba mizigo bandarini, na mzigo unalipwa kwa franki, wakati deni linadaiwa kwa dola. Mwaka 2021 dola moja ilikuwa karibu franki 2.000, mwaka 2024 ilipita 2.700. Kwa hiyo zile dola 50 zilizokuwa franki 100.000 zikawa zaidi ya franki 135.000, hata kabla ya kuhesabu faida. Bei ya dola inapanda, inashuka, na mbeba mizigo hana namna ya kuizuia.

Baba akaanza kupita njia ndefu ili asionekane sokoni. Usiku alikuwa anaamka saa nane, anakaa mlangoni mpaka asubuhi. Akaanza kupiga watoto kwa makosa madogo. Mke wake akafikiri ana mwanamke mwingine. Majirani wakasema amerogwa. Familia iliyompokea ilipomwona akitembeatembea usiku ikasema: "Mgeni huyu anataka kutuibia." Na juu ya deni lenyewe hakuna aliyejua neno.

Mwenye feza akaja kwangu, kwa sababu anajua nilisoma sheria. Nikamwandikia barua ya kumpelekea yule baba. Katika barua ile nilitia maneno mawili: polisi na kasho. Nilijua vizuri kwamba sheria hairuhusu kumfunga mtu kwa sababu ameshindwa kulipa. Niliyaandika ili kumtisha. Usiku ule ule aliopokea barua, baba alikimbia, akaacha mke na watoto wane. Na mwenye feza hakuwa tajiri: alikuwa mama mjane, na nusu ya zile dola 50 ilikuwa feza ya likelemba ya wenzake. Barua yangu moja iliondoa usingizi katika nyumba mbili. Ndiyo sababu nazungumza leo.

Namna deni linavyofanya kazi kichwani

Kwetu tunasema mtu ana mawazo mengi. Neno hilo ni la kweli kuliko tunavyofikiri. Deni ni mgeni anayekaa kichwani bila kuondoka. Ukipika, yuko. Ukisali, yuko. Mtu akigonga mlango, moyo unadunda: je, ni yeye? Kila siku unahesabu hesabu ile ile, na jibu halibadiliki.

Watu wa elimu walilipima jambo hili. Mwaka 2013 jarida la Science lilitoa uchunguzi uliofanywa katika jimbo la Tamil Nadu, kusini mwa India, kwa wakulima 464 wa miwa. Wakulima hao hupata feza nyingi wakati wa mavuno, na kabla ya mavuno wanabanwa: wanakopa na kuweka vitu rehani. Wachunguzi waliwapa mafumbo ya akili mara mbili, kabla ya mavuno na baada yake. Watu wale wale walijibu vibaya zaidi kabla ya mavuno. Akili haikuwa imepungua. Ilikuwa imejaa shida ya feza, nafasi ya mambo mengine ikabaki ndogo.

Hapo tunaelewa kwa nini mwenye kudaiwa anasahau siku ya chanjo ya mtoto, kwa nini anakubali mkopo wa pili ulio mbaya kuliko wa kwanza, kwa nini anajibu kwa hasira neno lisilo na ubaya. Tusiharakishe kusema ni mjinga ao mvivu. Kichwa chake kimebeba mzigo ambao macho yetu hayauoni.

Mwili pia unasema. Usingizi unapotea, tumbo linauma, kichwa kinazunguka, hamu ya chakula inaisha. Wengine wanakimbilia kasiksi ao kanyanga ili wapate usingizi. Asubuhi deni bado liko, na feza ya chakula imepungua. Tena mambo haya yanazunguka: deni linaleta ugonjwa wa mawazo, na ugonjwa wa mawazo unamzuia mtu kufanya kazi, hivyo deni linaongezeka.

Kwetu mzigo huo unaongezwa juu ya mwingine. Mwezi wa 10 mwaka 2023 Shirika la Kimataifa la Uhamiaji lilihesabu watu milioni 6,9 waliohama makwao ndani ya Kongo. Mwanzoni mwa mwaka 2025 banki za Goma na Bukavu zilifunga milango, hata mwenye akiba hakuweza kuigusa. Na mwezi wa pili mwaka huo huo kambi za pembezoni mwa Goma ziliondolewa, watu wakatawanyika tena. Shirika la Afya Ulimwenguni lilitangaza mwaka 2019 kwamba pahali palipopatwa na vita, karibu mtu 1 kati ya 5 anaishi na ugonjwa wa akili: huzuni nzito, hofu isiyoisha, mshtuko wa yale aliyoyaona, ao ugonjwa mwingine. Mtu wa namna hiyo ndiye anayekopa, na ndiye anayekopesha.

Namna deni linavyogeuka ugomvi

Deni lenyewe haliharibu amani. Watu wamekopana tangu zamani: mbegu, chumvi, mbuzi wa mahari. Kinachoharibu ni kulificha, kwa sababu pahali ambapo watu hawajui sababu, wanaitengeneza. Mke anatengeneza hawara. Jirani anatengeneza uchawi. Mwenyeji anatengeneza wizi. Na kama mwenye kudai ni wa kabila hili na mwenye kudaiwa ni wa kabila lile, neno "huyu hajanilipa" linakuwa "hawa hawalipi". Tunajua neno kama hilo linaweza kufika wapi.

Aibu inasukuma watu pia kutoa rehani vitu visivyopaswa kutolewa. Kuna wanaoweka rehani karata ya posho, hivi chakula cha watoto kinakwenda kwa mwenye duka kabla hakijafika nyumbani. Kuna wanaomtoa mtoto kwenda kufanya kazi kwa mwenye kudai. Kuna hata wanaotaka kumwoza binti mdogo ili deni lifutwe. Wazazi wenzangu, sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 inakataza uchumba na ndoa ya mtoto, na mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Binti si feza ya kulipia deni.

Sheria inasema nini

Jambo la kwanza: deni linalipwa. Kitabu chetu cha sheria juu ya mapatano, kinachotoka mwaka 1888, kinasema kwamba mapatano yaliyofanywa kwa haki ni sheria kwa wale walioyafanya. Kukimbia vita hakufuti deni. Mama aliyekukopesha maharagwe ana haki ya kurudishiwa.

Jambo la pili: mtu hafungwi kwa sababu ameshindwa kulipa. Nchi yetu, wakati ilipoitwa Zaire, iliingia mwaka 1976 katika Mapatano ya Kimataifa juu ya Haki za Kiraia na za Kisiasa. Kifungu cha 11 cha mapatano hayo kinakataza kumfunga mtu kwa sababu tu hawezi kutimiza ahadi ya mkataba. Na Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 215, inaweka mapatano ya namna hiyo juu ya sheria za kawaida.

Jambo la tatu: kudanganya ni kitu kingine. Mtu aliyechukua feza kwa hila, ao aliyekabidhiwa mali ya mwingine akaila, anaweza kushitakiwa kwa kosa la adhabu. Lakini wengine wanachukua deni la kawaida, wanalivalisha jina la udanganyifu, ili OPJ amkamate mtu. Bwana OPJ unayetusikiliza, uliza kwanza: je, kulikuwa hila tangu mwanzo, ao mtu amekosa tu? Na hata kwa mwenye kushitakiwa kosa la kweli, kifungu cha 18 cha Katiba kinasema kuzuiliwa na polisi kusipite saa 48. Baada ya hapo aachiliwe ao akabidhiwe kwa mamlaka ya sheria inayohusika.

Mwenye kudai asifikiri sheria imemwacha. Njia yake ni mapatano mbele ya mashahidi. Yakishindikana, ni tribunali ya amani. Pahali ambapo tribunali imefungwa ao iko mbali, mapatano mbele ya mashahidi yanabaki njia ya kwanza. Mtu aliye ndani ya kasho habebi mizigo, halimi, hauzi. Atakulipa kwa nini?

Kwa familia zenye deni

Kwanza, toa deni kichwani uliweke kwenye karatasi. Andika nani anakudai, kiasi gani, na tangu lini. Kama hujui kuandika, mwambie mtoto wa shule akuandikie. Kitu kilichoandikwa kina mwisho. Kile kinachozunguka kichwani hakina mwisho.

Pili, mwambie mtu mmoja. Kama nyumbani kuna amani, anza na bwana yako ao bibi yako. Kama unaogopa, mwambie mzee mwenye kufunga kinywa, ao mama mshauri.

Tatu, mwendee mwenye kudai kabla hajakuja. Usiseme "nitalipa kesho" kama kesho hakuna kitu. Sema: "Sina yote. Nina kiasi hiki, na kila soko nitaleta kiasi hiki." Kidogo kinachofika kinamtuliza mtu kuliko kikubwa kinachoahidiwa. Kila mara mkilipana, andikeni, na wote wawili watie alama.

Ine, usichukue bank lambert kwa kulipa bank lambert. Chakula cha watoto na dawa vinakuja mbele. Mwenye kudai mwenye akili anajua kwamba mgonjwa halipi.

Tano, jiungeni kabla ya shida. Wengi kati yenu mnajua MUSO na sanduku zake: ya kijani kwa mkopo, nyekundu kwa msaada wa ugonjwa na msiba. Katika AVEC pia kuna sanduku ya msaada. Hata wakimbizi wa ndani wanaweza kuanza na franki 500 kwa juma. Zaidi sana, changanyeni wageni na wenyeji katika kikundi kimoja. Watu wanaohesabu feza pamoja kila juma wanapata nafasi ya kuulizana habari, na uvumi haupati mlango.

Sasa sikilizeni vizuri. Kama mtu halali, hali, hataki kuona watu, na hali hiyo inapita majuma mawili, mpelekeni kwenye kituo cha afya. Bukavu kuna SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu. Zote mbili zinatunza magonjwa ya akili. Kwenda huko si kusema mtu ni mwendawazimu. Na kama mtu anasema afazali afe, ao "mtabaki vizuri bila mimi", msimcheke, msimkaripie. Msimwache peke yake. Muulizeni wazi kama anafikiri kujiua. Kuuliza hakumpi wazo hilo, kunampa mlango wa kusema. Ondoeni karibu naye vitu vinavyoweza kumuumiza, kisha mfuatane naye kwa muganga siku hiyo hiyo.

Kwa wakubwa na wajumbe wa baraza

Ninyi ndio mnaopokea kesi hizi kabla ya mwanasheria yeyote. Naomba mambo matano.

Msisome majina ya wenye kudaiwa kanisani, msikitini, ao kwenye mstari wa posho. Aibu hailipi; inakimbiza.

Sikilizeni kila mmoja peke yake kwanza, kisha wote pamoja. Muulize mwenye kudaiwa: unakula mara ngapi kwa siku? Muulize mwenye kudai: na wewe, feza hii ni ya nani? Mara nyingi mtaona nyuma ya mwenye kudai kuna mwingine anayemdai.

Tenganisheni feza iliyokopwa na faida. Mkiongea polepole, mwenye kudai wengi wanakubali kuacha sehemu ya faida ili warudishiwe feza yao yenyewe.

Msikubali karata ya posho, mtoto, wala binti kuwa rehani. Mapatano ya namna hiyo msiyatilie sahihi.

Na ninyi wenyewe msichukue fungu. Mkubwa anayepokea sehemu ya deni analolikata amekwisha kuwa mwenye kudai wa pili.

Kumalizia

Yule baba alikaa mbali miezi 7. Kisha akatuma neno kwa mtu wa pirogi: je, bado wananitafuta? Nilikwenda kwanza kwa mama mjane nikamwomba msamaha kwa barua yangu. Halafu tukamrudishia baba neno: rudi, hakuna kasho. Tuliketi chini ya mti, mkubwa wa mtaa, baba na mke wake, mama mjane, mwenye nyumba aliyewapokea, na mimi. Walipatana juu ya dola 65, faida ya miezi mingine ikaachwa, alipe dola 5 kila mwezi. Mwenye nyumba aliposikia sababu ya kutembea kwake usiku, alinyamaza kidogo, akasema: "Kumbe. Ungeniambia."

Deni lile bado halijaisha. Lakini mke wake aliniambia kwamba sasa baba analala mpaka jogoo anawika.

Ndugu wasikilizaji, deni likisemwa linakuwa hesabu, na hesabu watu wanaweza kuimaliza. Likifichwa linakuwa ugonjwa, kisha ugomvi. Usiku wa leo, kabla ya kulala, mwambie mtu mmoja.

Amani ikae nanyi mpaka juma lijalo.

Maswali ya kuongea pamoja katika vikundi vya wasikilizaji

1. Katika mtaa wetu, watu wanasema nini juu ya mtu asiyelala usiku? Je, tunamuuliza, ao tunamtungia sababu?
2. Kesi ya mwisho ya deni iliyofika kwa mkubwa wetu ilimalizika namna gani? Nani alipata hasara?
3. Tunaweza kuanza kikundi cha akiba cha wageni na wenyeji pamoja? Kila mmoja anaweza kutoa kiasi gani kwa juma bila kupunguza chakula cha watoto?
4. Ni nani kati yetu mwenye kufunga kinywa, ambaye mtu mwenye mawazo mengi anaweza kumwendea?